Maikrowevu ya Sebuleni

Juzi nikiwa kwa fundi redio pale Katoro, mnunuzi mmoja wa dhahabu aliingia amepakata maikrowevu kama mtoto mgonjwa. "Inalia kabla chakula hakijapata moto."

Fundi akaifungua, akachomoa ndani yake kidude cha kupimia joto, akakiunga kwenye mita, akakichovya kwenye maji baridi, kisha kwenye chai yangu. Mshale haukutikisika.

"Kimekufa, mzee. Hiki kwake kila kitu ni cha moto."

"Lakini taa inawaka?"

"Inawaka."

"Na sahani inazunguka?"

"Inazunguka."

"Basi funga."

Jumapili mnunuzi yule akatualika chakula kwake. Sebuleni maikrowevu ikawaka, ikazunguka, ikalia. Mkewe akatokea uani na sinia la wali unaofuka, macho mekundu kwa moshi wa mkaa.

Wageni wote tukaisifu mashine. Mimi nilisifu mara mbili.