Simu Iliyosikika Upande Mmoja

Binti aliyekuja kutufungia simu ya kompyuta alifika ofisini Korogwe na begi mgongoni, akanipa shikamoo, na kabla hajakaa akauliza kompyuta zetu zina umri gani. Swali halikunipendeza. Mtu anayeingia kwako na kuulizia kwanza umri wa vyombo, mimi humtazama mara mbili.

Nilikuwa msimamizi wa ofisi katika kampuni ya kununua mahindi. Bosi wetu, ambaye babu zake walifungua duka mjini enzi za mkonge, alikuwa amechoshwa na simu za mkononi. Ofisi ilikuwa Korogwe, ghala lilikuwa Handeni, na mazungumzo ya pande hizo mbili yalikatika kila vocha ilipokwisha au chaji ilipozima. Akataka tuongee kwa intaneti: mtu akae mbele ya kompyuta, avae hedifoni, abonyeze jina, na Handeni waitike. Mimi nilikuwa na kidato cha nne na miaka mingi ya kushika funguo za ofisi, kwa hiyo kazi ya kumsaidia fundi ikaniangukia.

Binti yule alikagua kila mashine. Kompyuta ya mhasibu aliikataa. Alisema mfumo wake ni wa zamani, programu ya simu haitakubali kuingia, na hata ikilazimishwa itakwama katikati ya mazungumzo. Yangu ilipita baada ya kuongezewa memori. Handeni nako ilipita moja tu, ile ya karani wa ghala. Akatukataza kutumia wifi. Akavuta waya kutoka kwenye ruta mpaka mezani kwangu. Nilipouliza sababu, alinieleza kwamba sauti haivumilii foleni. Faili likichelewa kidogo hakuna atakayejua, lakini neno likichelewa, wa upande wa pili anasikia kigugumizi. Kwa hiyo ndani ya ruta akaipangia sauti ipite mbele ya vitu vingine vyote, hata mtu akiwa anapakua video.

Mpaka hapo tulikuwa pamoja. Tulitengana kwenye kisanduku cha kulinda mtandao, kile kidogo chenye taa kilichokuwa ukutani.

"Mzee, hapa lazima tufungue njia," alisema. "Kuna njia inayobeba mlio wa kuita, halafu kuna kundi la njia zinazobeba sauti yenyewe. Zote ziwe wazi, za kuingia na za kutoka."

"Kundi zima?"

"Kundi zima, baba. Kila simu inachagua yake."

"Na wezi nao watachagua ya kwao."

Akacheka. "Wezi hawapiti hapa. Nimeruhusu anwani ya Handeni peke yake."

Akafungua, tukajaribu, na karani wa Handeni akasikika kama yuko chumba cha pili. Naye akasema ananisikia vizuri. Fundi akafunga begi lake, akatuaga, akasisitiza kwamba asiguse mtu kile kisanduku.

Siku alipoondoka sikuwa na amani. Msimu uliotangulia, washindani wetu walikuwa wakiijua bei yetu kabla magari yetu hayajafika Mkata. Wakulima walitucheka usoni. Nilikuwa na hakika kuna mtu anayetoa habari ndani, na sasa tumemfungulia kundi zima la njia. Nikamwita kijana wa duka la kompyuta karibu na stendi, ambaye ndiye aliyekuwa akitutunzia kisanduku kile.

"Ile ya mlio na za kuingia ziache," nikamwambia. "Za kutoka funga."

"Mzee, yule dada si alizifungua kwa sababu?"

"Msimamizi hapa ni yeye au mimi?"

Akafunga, akachukua chake, akaenda. Sitasema sikujua. Nilijua nimefunga kitu. Ila sikutaka kujua nimefunga nini. Akilini mwangu simu ilikuwa waya mmoja: kama sauti inakuja, basi inakwenda.

Karani wa ghala alikuwa mama wa makamo, Mzigua wa Misima, na kazi ile ndiyo iliyolisha nyumba yake. Mimi ndiye niliyempendekeza kwa bosi, kwa sababu wakulima walimwamini na mizani yake haikuwahi kulalamikiwa. Asubuhi ya kwanza nikavaa hedifoni, nikabonyeza jina lake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Za huko?"

Kimya. Kisha akasema tena, polepole, "Shikamoo mzee?"

Nikaitika kwa sauti kubwa mpaka mhasibu akachungulia. Nikamsikia akipuliza maiki, akisema haloo, haloo, halafu akakata. Akanipigia kwa simu ya mkononi.

"Baba, kwenye ile kompyuta sikusikii."

"Mimi nakusikia mpaka pumzi."

"Labda, lakini huku kimya."

"Fundi alipokuwepo ulisikia?"

"Nilisikia vizuri."

"Basi leo umeziba masikio."

Alicheka kidogo, akidhani ni utani. Sikuwa natania. Nilikuwa nimekwisha amua kwamba mwanamke huyu hataki maagizo yangu yamfikie mezani, mbele ya mashine inayoonyesha kwamba simu imepokelewa.

Kila asubuhi nikampigia kwa kompyuta, makusudi, nione ataendelea na mchezo wake mpaka lini. Kila asubuhi akapokea. Sasa nikikumbuka, najiweka upande wake. Huku kwetu mdogo akitoa shikamoo na mkubwa asiitike, hilo si jambo dogo. Mtu asipoitikiwa, huenda nyumbani akijiuliza amemkosea nini mkubwa wake. Yeye alitoa salamu siku baada ya siku, na kilichorudi ni kimya, huku kompyuta ikimwonyesha kwamba mzee yupo, amepiga mwenyewe, na dakika zinakwenda. Shikamoo yake ikapungua sauti. Mwisho ikawa "haloo" kavu. Na mimi niliyekuwa nikiitika kwa nguvu zangu zote huku Korogwe, niliposikia ile haloo nikachukia. Nikasema, tazama, sasa hata adabu ameivua.

Akaanza kupokea, kungoja kidogo, kisha kuzivua hedifoni na kuziweka mezani bila kukata, ili nikianza kusema asikie sauti ikitoka mezani huku akifanya kazi. Maiki ikawa inanasa ghala zima. Nami badala ya kukata, nikatega sikio.

Nilisikia magunia yakishushwa. Nilisikia wapagazi wakimtania.

"Mkweo kapiga tena?"

"Si mkwe wangu. Ni mlinzi wa pumzi zangu, eti anazisikia mpaka huko."

"Muulize kama anataka na sisi tukohoe."

Wakakohoa wote kwa pamoja, wakacheka. Masikio yangu yakapata moto. Kisha yeye akasema, bila kicheko, "Anapiga, ananyamaza. Salamu haitiki. Mtu mzima akikataa salamu yako, ujue kuna jambo anakutafutia."

Hapo mtu mwenye akili angesimama. Karani alikuwa amesema wazi kwamba kwake mimi ni bubu. Mimi nikasikia kitu kingine: nikasikia mtu mwenye hofu ya kutafutwa, na nikajiuliza, asiye na kosa anaogopa nini?

Mara nyingi wakulima wakija alihamia Kizigua. Baba yangu aliletwa hapa na kazi ya mkonge kutoka mbali, na nyumbani tuliongea Kiswahili. Kizigua changu kinaishia kwenye salamu. Kila alipohama lugha nilisogeza kiti, kana kwamba kusogea kungenisaidia. Nilimwona kama mtu anayezima taa mbele yangu. Haikunijia kwamba anaongea tu na watu wa kwao kwa lugha yao.

Siku moja, katikati ya Kizigua, akamgeukia mnyapara wa wapagazi na kusema kwa Kiswahili, "Hayo ya Kwamsisi asiambiwe mzee kwanza. Tusubiri."

Nikavua hedifoni, nikaenda chumbani kwa bosi. Nilimwambia kuna mzigo wa Kwamsisi unafichwa, na huenda bei yetu nayo inavujia hukohuko.

"Mzee wangu, una uhakika?"

"Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Kwenye simu?"

"Kwenye simu."

"Akijua unamsikia?"

Nikasema ndiyo. Neno hilo lilinitoka jepesi kabisa.

Bosi hakuwa mtu wa makelele. Aliamuru karani akae nyumbani mpaka mzigo ukaguliwe, akamkabidhi mnyapara meza yake kwa muda. Nilimpigia karani kwa simu ya mkononi kumweleza. Alisikiliza, akasema, "Sawa," na mimi nikaona kutobisha kwake ni ushahidi.

Kabla ukaguzi haujafanyika, kompyuta mpya ya mhasibu ikafika na yule binti fundi akarudi kuiwekea programu. Alipomaliza akampigia mnyapara Handeni. Tulimsikia sote kwenye spika: haloo, haloo, nani, mbona hamsemi? Binti akasema naye, akarudia, kisha akakata. Akaenda kwenye kompyuta yangu, akajaribu, ikawa vilevile. Akafungua mipangilio ya kisanduku cha ukutani, akaitazama kwa muda.

"Nani amefunga za kutoka?"

Bosi alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Ningeweza kumtaja kijana wa stendi. Mkono uliofunga ulikuwa wake.

"Mimi niliagiza," nikasema.

"Kwa hiyo muda wote huu Handeni hawakusikia kitu," binti akasema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa anaeleza hitilafu. "Ninyi mnawasikia, wao wanasikia kimya. Na wao hawawezi kujua kwamba mnawasikia."

Bosi aliweka kikombe juu ya kabati la mafaili. "Hakujua, basi," akasema, akinitazama mimi.

Siku hiyohiyo alimtuma mhasibu Handeni. Mahindi ya Kwamsisi yalikuwepo yote, yametandazwa nyuma ya ghala juu ya maturubai. Mvua iliyanyeshea kwenye lori. Karani alikataa kuyapima yakiwa mabichi, akawaambia wenyewe wayaanike kwanza, na hakutaka nijue kwa sababu alijua ningeamuru yarudishwe, kama nilivyowarudisha watu wengine kabla yao, na gari la kurudia Kwamsisi wangelilipa wao.

Nikaomba mimi ndiye niende Misima. Basi mpaka Handeni, kisha pikipiki. Nilimkuta uani akipukuchua mahindi. Alisimama, akanisalimu kama mgeni yeyote, akanitolea kigoda, akarudi kwenye kazi yake.

"Nimekuja kukurudisha kazini."

"Nani kakutuma?"

"Nimeomba mwenyewe."

Akapukuchua gunzi moja mpaka likabaki tupu. "Nikuulize, mzee. Siku ile nilipokwambia sikusikii, kwa nini hukuniamini?"

Nikamweleza habari ya njia za kuingia na za kutoka, jinsi nilivyofunga nusu, jinsi sauti yangu ilivyokuwa inakwama ukutani Korogwe. Nilijikuta naeleza vizuri kuliko fundi. Alingoja nimalize.

"Hiyo ni ya mashine. Mimi nimekuuliza wewe."

Nikatazama magunzi. "Nilidhani unauza bei yetu."

"Nani alikwambia?"

"Hakuna."

"Na ulipokuwa unatusikiliza na wapagazi, ulijua kwamba sijui kama unasikia?"

"Mwanzoni sikujua."

"Baadaye?"

"Baadaye nilijua. Nikaendelea."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepima kitu na kukuta uzito ni uleule aliokisia. "Nitarudi," akasema. "Bosi alishanipigia. Ila nimemwomba niwe natoa taarifa kwa mhasibu, siyo kwako. Sina ugomvi na wewe, baba. Ni kwamba siwezi kuongea na mtu huku najiuliza yuko upande gani wa simu."

Nikamwambia ana haki. Akanifungia mahindi ya kuchemsha kwa safari, nami nikashindwa kukataa.

Alirudi ghalani, na yupo mpaka leo. Bosi hakuniondoa, ila alinipunguzia kazi, na Handeni haikuwa tena chini yangu mpaka nilipostaafu. Bei yetu iliendelea kuvuja msimu ule na uliofuata. Nani aliitoa, sijui.

Tangu hapo njia zote zikawa wazi, na kila asubuhi mhasibu aliongea na karani kwa kompyuta. Siku moja, karibu na kustaafu, nilimsikia akimwambia kwa sauti ya chini, "Hapana, hajui bado," halafu wakacheka wote wawili. Nilikuwa mezani kwangu nikipanga risiti. Sikumbuki kuinuka. Nilishtukia mhasibu amegeuza kiti ananitazama, nami nimesimama mlangoni pake, sikio mbele.

"Mzee, unahitaji kitu?"

Nikasema hapana, nilikuwa napita tu. Chumba chake ndicho cha mwisho kwenye korido; mbele yake ni ukuta.