Moyo Uliokataa Kutulia

Moyo ulianza kunisumbua nikiwa nimekaa kitako napepeta ulezi. Sijakimbia, sijagombana na mtu, ila ndani ya kifua ni pu-pu-pu, kama mtu aliyekimbizwa na dume la ng'ombe. Nikaweka ungo chini. Nikasimama, nikazunguka ghala, nikanywa maji, nikakaa tena. Wapi! Mimba ilikuwa imeshaanza kuonekana kwenye gauni, na mimi ni mtu wa hasira tangu kuzaliwa, basi nikaugombeza moyo wangu mwenyewe kwa sauti: "Tulia, mbwa wewe!" Haukutulia.

Mama alinisikia. Huyu ninayemwita Mama si aliyenizaa, ndiye aliyenioa. Kwetu Wakurya, mwanamke aliyefiwa na mume bila kupata mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto watakaozaliwa wakawa wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Alinitolea ng'ombe, akanileta kwake Nyanungu, akanichagulia na mwanamume wa kunizalisha, wa ukoo wa marehemu. Alichagua vizuri, sura alikuwa nayo. Lakini dhahabu ilipoanza kutema, yaani kupatikana kwa wingi, kule Nyamongo, yule bwana akatupa jembe akaenda, yeye na kila mwenye mikono miwili.

"Moyo wa mwanamke haukimbii bure," Mama alisema. "Unamuwaza huyo wa machimboni."

"Simuwazi! Nakufa mimi!"

"Hufi. Unataka kumfuata."

Hapo ndipo hofu yake ilipokuwa. Siku zile haikupita wiki bila kusikia mke wa fulani kahamia machimboni, anachoma chapati kando ya maduara, yale mashimo ya dhahabu, na kapangiwa chumba na mchimbaji. Mama aliogopa niondoke na tumbo lake. Tumbo lake, ndivyo alivyoliita. Akaanza kunilinda. Nikienda kisimani, yuko nyuma anajifanya anaokota kuni. Nikitazama barabara, anakohoa. Ilinichoma sana. Nilijiambia, mimi hapa ni gunia tu, kinachotakiwa ni mahindi.

Majirani nao hawakukosa la kusema. Mmoja akasema ni mapacha wanapigana humo ndani. Mwingine akasema kuna mtu kanitazama vibaya. Wa tatu akaniambia nitafune malimau, nikatafuna mpaka meno yakafa ganzi. Nikilala chali, moyo unapanda kooni. Nikilala ubavu, nausikia kwenye sikio. Kukaa siwezi, kusimama nahema. Nilikuwa nafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, kwa sababu nikiacha kufanya kitu nabaki nausikiliza. Niliogopa, jamani, kwa nini nifiche? Niliogopa kufa halafu watu wamlilie mtoto, mimi wasinikumbuke.

Mwishowe nikaanguka njiani na ndoo ya maji kichwani. Nilipopata fahamu vizuri nilikuwa hospitalini Tarime mjini, nesi ananivuta kope ya chini, Mama kasimama pembeni. Akatazama kope, akatazama viganja, akatikisa kichwa.

"Damu imekuishia, mama. Hii kidogo iliyobaki, moyo unaikimbiza ikufikie wewe na mtoto. Ndiyo maana haupumziki." Kisha akageuka. "Tunataka ndugu wa kumtolea damu, na wasichelewe. Mume yuko wapi?"

"Ni mimi," Mama akasema, akaanza kukunja mkono wa gauni.

Nesi hakushangaa, alikuwa mtu wa huku huku. "Shikamoo, mume," alisema huku akicheka. "Lakini leo tunamtaka mwenye damu, si mwenye ng'ombe. Kwa umri huo hatuwezi kukutoa damu."

Mama alibaki ameunyoosha ule mkono wake mkavu. Halafu akajifunga kanga vizuri, akatoka bila kuniaga.

Nikajua amekwenda zake. Nilikaa, nikalala, nikakaa tena, nikashuka kitandani, nikapanda, mpaka mgonjwa wa kitanda cha jirani akaniambia namtia kizunguzungu. Nikamjibu vibaya. Moyo ulikuwa ukigonga hata shuka linatikisika.

Kesho yake mchana mlango ukafunguliwa. Mama mbele, vumbi la mawe mpaka kwenye nyusi, na nyuma yake yule bwana wa machimboni na wenzake wawili, nguo zimekauka tope. Mama, aliyekuwa akitema mate akisikia Nyamongo ikitajwa, alikuwa amepanda lori la wachimbaji akapita duara kwa duara, akiinama na kumwita huyo mtu shimoni mpaka akampata. Mama yule yule ambaye hakutaka hata nitazame barabara aliyopitia bwana huyo.

Akaniambia kwa Kikurya, mbele ya huyo mwanamume: "Nimekuletea. Ukipona, ukitaka kuondoka naye, ondoka. Ng'ombe nimesamehe."

"Na mtoto je?"

"Nani kakuuliza habari za mtoto? Nimesema upone wewe!"

Nikalia, nikalia mpaka kamasi. Yeye akawageukia wale wanaume, akawakaripia wamesimama kama nguzo wanangoja nini, si waende wakatolewe hiyo damu.

Wakatolewa. Baadaye wao walirudi machimboni, na mimi nikarudi Nyanungu na vidonge vya kuongeza damu. Hakuna aliyenishurutisha kurudi. Moyo uliendelea na vituko vyake, ila haukuwa tena wa kuniangusha, na Mama alibeba ndoo za maji mwenyewe mpaka siku zangu zikatimia, watu wakimcheka kwamba mume kageuka mke.

Mtoto alizaliwa wa kike. Nyumba ile ilikuwa inangojea wa kiume, kila mtu alijua, basi wanawake wa kijijini wakaja kumpa Mama pole. Aliwasimamisha palepale langoni na fimbo ya kuchungia mkononi.

"Pole ya nini?" akawauliza. "Kwani hapa amekufa nani?"