Sindano ya Mgongo

Vita vilitufundisha wanawake wa Baraka, mji wetu kando ya ziwa, kuvaa vitenge vitatu kwa mpigo, hata jua likiwaka, maana ukikimbia unaondoka na kilicho mwilini tu. Asubuhi ile hospitalini mama mkwe alikuwa amevaa vinne. Cha nne kilikuwa cha mwanangu wa kwanza, ambaye alikuwa amelala kiupande tumboni na asingetoka bila kisu.

Daktari wa usingizi hakunificha kitu.

"Mama, siku zingine tunachanganyaka dawa mbili mu sindano ya mugongo. Moja inauwa maumivu, ingine inaisaidia, basi ile ya kwanza tunatia kidogo. Leo ya kusaidia haiko, njia ya Uvira imefungwa. Tutatia ya kwanza mingi. Miguu itakawia kurudia."

"Na kunilalisha kabisa?"

"Ile inamufikiaka na mutoto. Anaweza toka naye iko na usingizi."

"Basi atoke macho. Miguu ntaenda nayo wapi leo?"

Hata yeye alicheka.

Joto lilishuka hadi vidoleni, kisha kiuno chote kikawa si changu. Mara kichefuchefu kikanipanda na sauti zikaanza kwenda mbali. Nilimsikia akisema presha imeshuka, damu inamfikia mtoto kidogo, waharakishe. Nyuma ya kitambaa walikuwa wananipekua kama mtu anayetafuta kitu chini ya gunia. Wakamtoa, na hakulia. Niliuliza kuna nini, nikauliza tena. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa risasi. Halafu akalia, kilio chembamba cha hasira, nami nikalia naye.

Walikuwa bado wananishona wakati risasi ziliposikika upande wa barabara ya Fizi. Waliendelea kushona. Waliponirudisha wodini, watu walikuwa wanakimbilia ziwani, na mama mkwe amesimama kando ya kitanda, mtoto wa kike ndani ya kitenge cha nne.

Kwetu mtoto ambaye kitovu chake hakijaanguka havuki mlango. Kwa wajukuu wake wote mama mkwe alikuwa mkali sana juu ya hilo.

"Mukwe wangu, mitumbwi inaondoka. Nimupeleke ng'ambo, Ubwari?"

Nikaiamuru miguu. Nikaitukana. Nilishika paja langu, nikaona nimeshika la mtu mwingine. Nilisema wanibebe, daktari wa usingizi akakataa, kidonda kingefunguka. Mtoto hakuwa amenyonya hata tone.

"Mupeleke," nikasema.

Miguu ilirudi alasiri, milio imekwisha na mji umebaki mtupu. Ilianzia vidoleni, na maumivu yakaja nayo. Daktari wa usingizi, ambaye hakukimbia, aliniomba nivichezeshe, na nilipovichezesha akafurahi sana. Nilimchukia kwa ile furaha, ingawa ni yeye aliyebaki nami.

Kisha mitumbwi ya Ubwari ikakataa kurudi. Kila siku nilikamua maziwa kwenye kitambaa ili yasikauke, na kila siku yalipungua. Niliwauliza wavuvi waliotoka ziwani kama wamewaona, mpaka wakaanza kunikwepa.

Mama mkwe alirudi nikiwa nimeanza kutembea bila kushika ukuta. Kwanza alinipa fundo dogo la kitambaa. Kitovu kilianguka kule, lakini hakukubali kukizika kwenye ardhi ya watu. Halafu akanipa mtoto. Alikuwa amenenepa. Furaha ilinijaa, halafu nikashangaa.

"Alinyonya nini?"

"Mama moja wa kule alimunyonyesha. Wake alikufa mu zile siku."

Nikakaa, nikafungua blauzi, nikamweka kifuani. Alinusa, akageuza uso, akalia, akaitafuta sauti ya bibi yake. Nilijaribu upande wa pili. Akajikaza mwili wote kunisukuma.

"Pole pole," mama mkwe akasema. "Atakuzoea."

Nilimzaa mimi, nikiwa macho, nikisikia kila mvuto. Sasa nilitakiwa kungoja anizoee.