Shemeji Yangu na Gurudumu la Kinyozi

Shemeji yangu hufungua kibanda chake kabla jua halijapata nguvu. Si kwamba ana bidii kuliko watu wengine. Anasema upepo wa tairi hupimwa asubuhi, tairi likiwa bado limelala. Likishakimbia linapata joto, na likipata joto linadanganya.

"Kama mtu aliyetoka kugombana," husema. "Usimuulize kitu. Msubiri apoe."

Ni mdogo wake marehemu mke wangu. Kwa hiyo ana haki ya kunitania, na haki hiyo hajawahi kuiacha ilale njaa.

Zamani alikuwa mshonaji nguo. Cherehani yake ilikaa ubavuni mwa fundi pancha mmoja mzee, pale barabara ya lami inapokutana na ile ya vumbi. Macho ya yule mzee yalikuwa yamechoka. Tundu dogo la tyubu halioni. Akawa anaita, "Mwanangu, hebu njoo unionee." Shemeji akaona leo, akaona kesho, mwishowe akashika na kiraka mwenyewe. Mzee alipoacha kazi na kurudi kwao, alimwachia kompresa ya kujazia upepo, jeki mbili na karai la maji. Watu walicheka. Mwanamke na matairi wapi na wapi? Akawajibu kwamba kiraka ni kiraka, tofauti ni moja tu: tairi halirudi kulalamika kuwa linabana kiunoni.

Ukimpelekea gari, kwanza analizunguka kimya, mikono mgongoni, kama mama mkwe anayekagua nyumba. Halafu anachuchumaa. Anapitisha kiganja juu ya tairi, kwenda na kurudi.

"Hili linaliwa upande mmoja. Gari lako linatembea kama kaa."

Kisha anauliza tairi la akiba liko wapi. Hapo ndipo wanaume wazima huanza kujikuna. Dereva mmoja alifungua buti, ukatolewa mkungu wa ndizi, likatolewa godoro la mtoto, na chini kabisa likaonekana tairi kipara linalong'aa.

"Hili si la akiba," akamwambia. "Hili ni la makumbusho."

Kuna tairi lingine ambalo mwenyewe hujivunia kwamba bado lina meno yote. Shemeji hulibonyeza ubavuni kwa kidole gumba, nyufa zikafunguka. Tairi huzeeka hata likiwa limekaa tu. "Uso wa kijana, magoti ya babu," husema, na hunitupia jicho mimi.

Nati hafungi kwa kuzunguka. Anafunga hii, anaruka, anafunga ile inayoitazama. Kwanza kwa vidole, halafu kwa spana. Akimaliza anakuambia, "Rudi kesho nikaze tena." Gurudumu likishatembea kidogo linajikalia sawa, na nati hulegea kidogo. Kuzikaza huko hatozi pesa. Lakini watu wamezoea kuambiwa rudi kesho maofisini, na wanajua maana yake. Basi wakamwita Bi Rudi Kesho, na wengi hawakurudi. Wengine walidhani anatafuta mtu wa kuzungumza naye. Na kweli, alikuwa anazungumza.

Pale kibandani kuna kiti cha plastiki. Mke wangu ndiye aliyekuwa akikikalia, mchana kutwa, wakicheka na mdogo wake mpaka madereva wanasahau wanakokwenda. Sasa nakikalia mimi. Sina kazi. Nikiambiwa shika spana, nashika.

Ng'ambo ya barabara yuko kinyozi. Kijana mtanashati. Kila kitu chake ni chekundu: kiti, taulo, fremu ya kioo. Alinunua gari kuukuu akaja kuvalishwa matairi manne. Shemeji akayafunga, akamwambia rudi kesho.

"Sawa mama."

Hakurudi.

Siku zikapita. Asubuhi moja, watu wakiwa wengi sokoni, kinyozi alikuwa anashuka mteremko wa kuelekea huko polepole, gurudumu la mbele likamtoka. Gari likalalia sikio moja. Gurudumu halikusimama. Lilipita kati ya wauza matunda, halikumgusa mtu, halikuaga, likakata kona kama lina miadi, likaingia kwa seremala na kuegemea kabati jipya.

Seremala akatoka na randa mkononi. "Nani kaniletea mgeni huyu bila hodi?"

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Kwa kuwa hakuna aliyeumia, kicheko kilikuwa halali. Kisha kikaisha, likaja swali.

"Nani aliyefunga hilo gurudumu?"

"Si Bi Rudi Kesho?" mmoja akasema.

Kinyozi alikuwa pale pale. Hakusema ndiyo. Hakusema siyo. Aliangalia viatu vyake.

Habari ilifika kibandani kabla ya gari kuinuliwa. Aliyeileta ni dereva wa teksi, mteja wa miaka mingi, mtu mwema.

"Mama, sema tu uliisahau nati, yaishe. Kila mtu husahau."

"Sijasahau. Nilikaza."

"Unakumbuka kabisa?"

Shemeji akaitazama mikono yake. Akaigeuza.

Dereva alikuwa na nia njema, na ndiyo maana iliuma. Alipoondoka, shemeji akaziweka spana ndani ya karai, akafunika kompresa kwa turubai, akafunga mlango.

"Mkono ukisahau nati leo, utasahau na kesho," akaniambia. "Siku hiyo halitaingia kwa seremala. Litaingia kwa watoto wanaotoka shule. Mimi basi."

Dada yake angejua la kusema. Mimi nilibeba karai.

Kibanda kikabaki kimefungwa. Madereva wakaanza kutembelea matairi yaliyolegea kama kandambili. Shemeji akahamia jikoni kwangu. Alisugua masufuria, alipomaliza akayasugua tena. Binti yangu akanivuta kando.

"Baba, mama mdogo amesugua sufuria mpaka najichana nywele humo. Mtoe nje, tafadhali."

Kabla sijajua nitamtoa vipi, akatoka mwenyewe, amejifunga kanga safi.

"Shemeji, nisindikize kwa yule kijana. Nataka kumwomba radhi. Na hilo gurudumu nilitengeneze, rimu lazima imepinda. Halafu nastaafu kwa amani."

Tukavuka barabara. Kinyozi alikuwa na mteja kitini, kichwa kimenyolewa nusu. Alipotuona, mashine ilibaki angani ikivuma.

"Mwanangu," shemeji akaanza, "nimekuja kukuomba radhi."

"Aa, mama, hayo yamepita."

"Hayajapita. Ungeweza kufa."

"Mama, kaa kwanza. Mzee, karibu, kaeni."

"Sikai. Nionyeshe gurudumu."

"La nini, mama? Nitalipeleka mwenyewe mahali."

"Mahali wapi? Nionyeshe."

Akatuongoza uani, mguu mmoja mbele, mguu mmoja haupendi. Gari lilikuwa limewekwa juu ya mawe upande mmoja. Magurudumu yake yalikuwa mekundu, mekundu hasa, kama midomo ya bibi harusi.

"Mimi nilifunga rimu nyeusi," shemeji akasema.

"Nilipaka rangi, mama. Baadaye."

Shemeji alishaliinua lile gurudumu lililotoroka, akaligeuza kutafuta lilipopinda. Nyuma nako kulikuwa kwekundu. Rangi nzito, imepakwa kwa upendo. Kuzunguka matundu ya nati ilikuwa imepondeka, imejikunja pembeni kama matope yaliyokanyagwa. Shemeji akaikwangua kwa ukucha.

"Ulipaka na nyuma."

"Nilitaka ipendeze kote."

"Nyuma anaona nani?"

"Mbu," akasema yule mteja wa nusu kichwa. Alikuwa ametufuata na taulo shingoni.

"Mwanangu, huku nyuma brashi haiingii gurudumu likiwa limefungwa."

"Ndiyo, mama."

"Kwa hiyo ulilifungua."

"Nililifungua."

"Hili tu?"

"Yote manne."

"Na aliyeyafunga tena?"

Kinyozi akasema kitu kwa sauti ya chini sana.

"Nani?" akauliza mteja.

"Mimi."

"Heh! Kumbe ni wewe, na mama wa watu amefunga kibanda!"

"Lakini nilikaza!" Kinyozi alikuwa karibu kulia. "Nilipanda juu ya spana kwa miguu miwili. Ndiyo maana sikuelewa. Nikabaki najiuliza, labda kuna kitu kilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Watu walipomtaja mama, nikaona haya kusema. Na kadiri siku zinavyopita, haya inanenepa."

Nilimtazama shemeji. Nilidhani sasa mvua ya mawe inakuja. Yeye alichuchumaa kwenye gurudumu la nyuma, akashika nati kwa vidole vitatu. Ikazunguka. Akashika nyingine. Ikazunguka nayo. Kinyozi akakaa chini juu ya jiwe.

"Rangi si chuma," shemeji akamwambia, taratibu. "Umekaza nati juu ya rangi. Gari limekimbia, rangi imepata joto, imebonyea, imetoka. Nati ikabaki na nafasi. Hata ungepandisha tembo juu ya spana. Chuma kinataka kukaa juu ya chuma."

"Sikujua, mama."

"Kutojua si kosa. Lete msasa na kisu."

Alimsimamia mpaka kila mahali chuma kinapokutana na chuma pakawa peupe kabisa. Uso wa mbele akamwachia wekundu wake. Kazi ilichukua muda, na mteja wa nusu kichwa alisubiri, maana hakuwa na pa kwenda.

Baada ya hapo kinyozi alijitangaza mwenyewe. Kila aliyekaa kwenye kile kiti chekundu alisimuliwa yote, mwanzo hadi mwisho, na mtu mwenye wembe shingoni mwako humkatizi. Dereva wa teksi alikuja kuomba msamaha akiwa na ndevu zilizochongwa vizuri.

Nikadhani yameisha. Kesho yake nikapita, kibanda kimefungwa. Nikamkuta jikoni kwangu, anasugua.

"Si umeona kwa macho yako?" nikamuuliza.

"Nimeona kwamba alifungua. Sijaona kwamba mimi nilikaza." Akaweka sufuria chini. "Shemeji, siku zote hizi nimejitafuta kichwani. Nakumbuka rimu, namkumbuka kijana anavyopiga miluzi. Mkono wangu kwenye spana siuoni. Sikumbuki."

"Mimi sikumbuki kama nimepiga mswaki leo."

"Hiyo inajulikana hata kwa aliyekaa mbali."

Hapo nikajua hajafika mwisho. Anayetania bado yupo.

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikaondoa turubai juu ya gari dogo la marehemu. Nililiwasha. Lilikohoa, likakubali. Nikapakia karai la spana, nikalileta mpaka mlango wa kibanda, nikarudi kwa miguu kumleta.

"Toa magurudumu yote. Yarudishe. Halafu tunapanda wote wawili."

"Likichomoka?"

"Tutachomoka pamoja."

Akacheka. Alianza kwa kubonyeza kila tairi ubavuni, maana gari lilikuwa limekaa muda mrefu. Akatoa kompresa na jeki, akayajaza upepo. Akatoa gurudumu moja moja, akapiga brashi penye kutu, akalirudisha. Vidole, kisha spana. Hii, ruka, ile. Akaishika kila nati mara ya pili, na nyingine mara ya tatu. Sikumharakisha. Nina muda siku hizi.

Akafunga kibanda, akafungua mlango wa abiria. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele sana, kama alivyokiacha dada yake. Hakukigusa. Akapanda hivyo hivyo, magoti kwenye dashibodi.

Tukashika barabara ya mlimani. Kichwa chake kilikuwa nje ya dirisha, anasikiliza. Mkono mmoja umeshika kamba ya kujishikia juu ya dirisha, kama anayening'inia mtini. Nikasimama chini ya mlima. Akashuka na spana, akazijaribu nati zote. Hakuna iliyosogea. Nikasimama juu ya mlima. Akashuka tena. Hakuna. Tukateremka, nikaongeza mwendo kidogo, lami ikaisha, tukarukaruka kwenye vumbi. Nikasimama mara ya tatu.

"Unasimama nini?"

"Nakusubiri ukague."

"Twende bwana, utamaliza breki."

Akaingiza kichwa ndani. Akaachia kamba. Nikaangukia shimo moja, kubwa kidogo.

"Shemeji! Shimo unaliona, halafu unalifuata?"

Nilikuwa nimefurahi, na mtu mzima akifurahi asijibizane.

Tukiwa tunarudi, mbele yetu ilikuwepo pikapu imebeba madawati. Tairi lake la nyuma kulia lilikuwa limekaa chini kama mkate uliokaliwa. Nililiona. Nikamwachia aone mwenyewe.

"Piga honi," shemeji akasema.

Nikapiga. Kichwa chake kikatoka nje tena, mpaka kifuani.

"Wewe! Kulia, nyuma! Simama!"

Pikapu ikasogea pembeni. Kabla sijavuta breki ya mkono alikuwa ameshashuka, kiganja kiko juu ya tairi la watu, anasema maneno ambayo sikuyasikia yote, lakini dereva aliyasikia, maana alivua kofia.

"Halijapasuka, lina msumari," akamwambia. "Si mbali. Nenda polepole mpaka kwenye njia panda, kibanda chenye mlango wa bati."

"Kile nilikiona asubuhi, mama. Kimefungwa."

"Ukifika kitakuwa wazi."

Akarudi garini mbio, kanga mkononi, akajikunja magoti kwenye dashibodi.

"Endesha, shemeji! Asifike kabla yetu."