Buibui wa Ngolo ya Bibi

Juzi, rafiki yangu, nilipanda mlimani kijijini kwetu Matiri, nikalikuta shamba la Bibi limekuwa pori. Zile ngolo zake, mashimo ya mraba yenye matuta pande zote, yaliyojaza mteremko mzima, zimemezwa na majani. Nikakaa chini nikacheka peke yangu, kisha nikalia, na yote kwa sababu ya buibui.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu, kila wiki mnunuzi mgeni anapandisha gari mlimani. Mmoja alitaka buibui wakubwa wa shimoni, wale wenye manyoya, tena wazima. Sisi watoto akatuahidi viatu. Viatu! Nami nilikuwa najiandaa kwa Komunio ya kwanza, sina hata kandambili.

Nilimjua buibui mmoja. Shimo lake lilikuwa kwenye tuta la ngolo, mlangoni limetandikwa utando laini, linanukia nyasi zilizooza chini ya udongo. Bibi akilima alimzunguka. "Mwache mama wa watu," alizoea kusema, "anakula wadudu wa maharage yetu."

Mimi sikumwacha. Nilibomoa tuta hadi nikamtoa, nikamtia kwenye kopo la mafuta. Jioni ile mvua ilishuka, maji yakapenya palepale. Ngolo ya juu ikapasukia ya chini, nayo ikapasukia nyingine, hadi bondeni. Maharage ya upande mzima yakaenda na matope.

Asubuhi nilimpelekea Bibi kopo. Nikamwamkia, "Shikamoo, Bibi." Alimtazama buibui, akalitazama shamba.

"Marahaba. Unajua maharage yale yalikuwa ya nini? Yalikuwa viatu vyako."

Jamani! Heri angenichapa. Badala yake tulilaza nyasi upya, tukafukia kwa udongo, akatoboa tundu kwa mpini wa jembe na kumrudisha mwenye nyumba. Nilikula ugali siku hiyo bila kuinua uso. Mnunuzi yule hatukumwona tena.

Siku ya Komunio nilivaa viatu vya Bibi, vimejazwa matambara kwa mbele. Nilijiona malkia. Yeye alitembea pekupeku hadi kanisani, njia nzima anaimba.

Juzi nilitafuta lile shimo kwenye matuta machache yaliyobaki, nikalikosa. Ahsante, Bibi. Nikavua viatu vyangu, nikavishika mkononi, nikateremka pekupeku hadi barabarani.