Nilivyomkana Baba Kule Leoben

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata chai hunishinda kunywa. Umekuja kuniaga kwamba unakwenda kusoma ng'ambo, umenionyesha na picha za mji wenyewe, makanisa yake na madaraja yake. Pazuri, sikatai. Lakini kaa kwanza nikusimulie ya kwangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilivunjika zamani.

Miaka ya sabini serikali ilinipeleka Austria, mji unaoitwa Leoben, kusomea uhandisi wa migodi. Ni mji mdogo. Mto umeuzunguka karibu pande zote, katikati kuna uwanja mpana, na kuna mnara wa lango ambao kila mgeni lazima apelekwe kuuona. Jumapili moja walitupandisha garimoshi kwenda kutazama mlima wa chuma, mlima mzima umechongwa ngazi kwa ngazi mpaka kileleni. Nikaandika barua nyumbani kurasa nne juu ya mnara na mlima. Juu ya masomo niliandika mistari miwili. Ujana nao!

Baba yangu alikuwa mchimbaji wa dhahabu hukuhuku Geita. Mgodi wa Wazungu ulipofungwa, yeye hakuacha. Alichimba duara lake mwenyewe kwa sururu, shimo jembamba la kushuka kwa kamba, akaosha mchanga wake kwa karai. Vidole vyake viwili havikuota kucha tena. Mikono hiyo ndiyo iliyoninunulia madaftari.

Sasa pale chuoni wana mila yao. Mwanafunzi wa migodi hupandishwa juu ya pipa ukumbini, mbele ya watu tele, ajitaje jina na kwao, kisha aruke kuvuka ngozi iliyoshikwa na wazee wawili. Akishavuka, amekubaliwa kuwa mchimbaji. Walionitangulia walikuwa watoto wa mainjinia, na mmoja baba yake alikuwa na kiwanda. Zamu yangu ilipofika nikasema: naitwa Maganga, natoka Dar es Salaam, baba yangu ni mkurugenzi serikalini. Na hiyo Dar es Salaam nililala siku tatu tu nikisubiri ndege. Nikaruka, wakapiga makofi. Baadaye nikaambiwa kwamba mmoja wa wale wazee wa ngozi alikuwa mchimbaji mstaafu wa mlima ule wa chuma. Ona ujinga wangu, namficha mchimbaji mbele ya mchimbaji.

Gazeti la mji likatoa picha yangu nikiwa hewani, na maneno yangu yote chini yake. Nikaikata, nikaituma nyumbani kwa mbwembwe. Nilijiambia, Geita nzima nani anajua Kijerumani?

Nilimsahau Mzee Ngassa, jirani yetu, aliyesomeshwa shule ya Wajerumani akiwa mtoto, kabla ya vita ile ya kwanza. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu.

Nilirudi likizo baada ya miaka miwili. Kila nyumba niliyoingia naambiwa, "Ndiwe uliyemtaja baba yako Ulaya!" Sikuelewa. Jioni ya pili Mzee Ngassa akaniita kwake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akanyoosha mkono na kile kipande cha gazeti.

"Baba yako aliniletea hiki nikisome mbele ya majirani," alisema. "Nikasoma kwamba umesema wewe ni mtoto wa mchimbaji wa Geita. Akalia, mtu mzima yule. Nimesema uongo uzeeni kwa ajili yako, Maganga. Kila asubuhi akiniamkia mwangaluka, namwitikia huku nikitazama chini. Kamsomee mwenyewe."

"Babu, si tuache tu? Ana furaha."

"Furaha yake inategemea mimi nisiropoke. Huo mzigo si wangu."

Siku tatu nilizunguka na lile gazeti mfukoni. Kila nikimwona baba akicheka na wenzake nasema kesho. Niliogopa, sikufichi. Niliogopa kumnyang'anya kitu pekee nilichowahi kumpa. Siku ya nne nikamfuata kwenye duara lake. Alikuwa ameketi juu ya kifusi akinywa togwa. Nikamsomea, neno kwa neno, kwa Kiswahili, kama lilivyoandikwa.

Akaiweka togwa yake chini. Kisha akauliza, "Walipiga makofi?"

"Walipiga, baba."

"Basi walimpigia mtoto wa mtu mwingine. Wangu hawajamwona bado."

Akasimama, akajifunga kamba kiunoni, akaniwekea ncha ya pili mkononi. Akashuka. Nilishika kamba ile mpaka jua likaelekea kuzama, machozi yananitoka na sina mkono wa kuyafutia. Nilikuwa nimemkana mtu yule mbele ya ukumbi mzima, naye ananiachia uhai wake niushike.

Niliporudi Leoben nilimtafuta yule mchimbaji mstaafu, nikamwambia ukweli wote. Hakunicheka. Aliniuliza baba yangu anachimba kina gani, na mwamba wa kwenu ukoje. Nikajikuta sijui kujibu, miaka yote ile darasani. Nikamwandikia baba kumuuliza. Tangu hapo barua zetu zikawa za miamba, na Mzee Ngassa, nasikia, alikuwa wa kwanza kufika kila ilipofika moja.

Kwa hiyo nenda, mwanangu. Panda minara yao, tazama milima yao, Mungu hakutupa macho ya kufumba. Soma mpaka walimu wakuogope. Ila utakapoulizwa wewe ni wa nani, usiazime baba wa kumtaja. Mwacha asili ni mtumwa, na utumwa wa kujitakia hauna wa kuukomboa. Na kama ulimi utakuteleza, maana wewe ni binadamu, usiwaachie wazee wakubebee uongo wako. Rudi ukauseme kwa mdomo wako, kwa yule uliyemuumiza.

Mungu akutangulie huko uendako. Akupe afya, akupe rafiki wa kweli ugenini, na jina la baba yako lisikukwame kooni hata siku moja. Amina.