Kuuzunguka Mto Mwachema kwa Miguu

Lililonitoa nyumbani ni swali la mwanafunzi. Bendera yetu ilikuwa bado mpya mwaka ule, nami nilikuwa mwalimu mpya katika skuli moja ya Ukunda, nikifundisha jiografia kwa kitabu kilichojaa mito ya Ulaya. Siku moja msichana wa darasa la sita akaniuliza, "Mwalimu, na huu Mwachema wetu wapita wapi mpaka ukafika baharini?" Mimi ni mzaliwa wa Kwale, juu milimani. Mto huo nilikuwa nimeuona darajani tu, nikipita.

Nikamwomba Mwalimu Mkuu ruhusa ya kuwapeleka watoto wakauone.

"Nenda wewe kwanza," akasema. "Ukitoka asubuhi ukarudi kabla ya magharibi, tutazungumza. Ukichelewa, basi. Siwezi kuwatia wazazi wasiwasi."

Jumamosi, saa moja unusu, nikatoka na wifi yangu Mejumaa. Kazi yake ni kushona makuti, na alipopata habari ya safari alisukuma fito zake kando kabla sijamaliza kueleza. Mpango wetu ulikuwa duara: twende kaskazini mpaka darajani, tuvuke, tuufuate mto kwa ukingo wa Tiwi hadi baharini. Pale mlangoni mwa mto tuuvuke tena maji yakiwa yamekupwa, tuuone msikiti wa kale wa Kongo, kisha turudi kwa ufuo wa Diani.

Saa tatu unusu tulikuwa darajani. Tukaiacha barabara, tukaingia kijia kilichopita kati ya minazi na mashamba ya mihogo. Nilikuwa na furaha ya mtoto aliyevishwa nguo ya Idi. Kila kona ya mto niliiandika katika daftari: hapa maji yanatulia, hapa yanapiga kelele juu ya mawe, hapa kina mama wanafua.

"Ukiandika kila jani, wifi," Mejumaa akasema, "tutafika kesho."

Saa tano tukapita mbele ya nyumba ambapo mama mmoja alikuwa akikuna nazi. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akauliza tuendako.

"Twaufuata mto, mama."

"Mmepoteza nini huko?"

"Hatukupoteza kitu. Nataka kuujua tu."

Akacheka hata akainuka juu ya mbuzi ya kukunia. "Nimekaa hapa tangu niolewe, sijamwona mtu aufuataye mto bila haja. Kaeni mle, nami nipate la kuwasimulia watu."

Mihogo ilikuwa ndiyo kwanza inatiwa chunguni. Kumkataa mwenyeji aliyekukaribisha kwa moyo ule ni aibu, basi tukakaa. Ilikuwa mitamu kwa tui zito, lakini tulipoondoka saa sita unusu, Mejumaa alikuwa akilitazama jua. Mbele tukakutana na matope ya mikoko, ikatubidi tuzunguke mbali.

Saa tisa kasorobo mto ukafunguka mbele yetu, bahari ikaonekana. Ng'ambo, kati ya miti mikubwa, niliona kuta za msikiti. Nilipiga mbio mpaka ukingoni, nikasimama. Maji yalikuwa yameanza kujaa.

Mama mmoja alikuwa akitoka mwambani na kikapu cha kaa. Jina lake Bi Riziki. Alitutazama kwa huruma.

"Saa saba mngalivuka kwa magoti," akasema. "Sasa ni kifuani. Kitambo kidogo tu, hakuna kuvuka."

Kurudi tulikotoka kulikuwa ni kufika baada ya magharibi, na safari ya watoto ingekufa hapo. Nikamwambia sijui kuogelea. Akaweka kikapu chini, akazisokota leso zetu mbili zikawa kamba. Yeye akajitwika kikapu tena, maana kwake ni ng'ambo, akashika mbele, mimi katikati, Mejumaa nyuma, maana yeye amelelewa Gazi na maji hayamtishi.

Katikati ya mto nikakosa mchanga chini ya nyayo. Nikatapatapa, na daftari nililolibeba kichwani likaanguka, likachukuliwa. Nikanyoosha mkono.

"Liache," Bi Riziki akasema kwa ukali. "Shika leso."

Nikaliacha. Tulipofika ng'ambo nilikaa mchangani, nikacheka.

Akatupeleka msikitini. Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene, na hakuna aliye hai ajuaye mwaka zilipojengwa. Na bado watu wanasali humo. Nikagusa ukuta kwa kiganja. Vitabu vyangu havikuwa na neno hata moja juu ya mahali hapa, nami nimezaliwa mwendo wa asubuhi moja kutoka hapo.

"Watoto usiwapitishe mlangoni mwa mto," Bi Riziki akaniambia tulipoagana. "Upande huu wa kusini kuna njia, haina maji."

Tukashika ufuo wa Diani kwa mwendo wa haraka, tukakata kuelekea bara. Tukamkuta Mwalimu Mkuu nje ya nyumba yake akitawadha kwa sala ya magharibi.

"Mmewahi," akasema. "Njia ni salama?"

Mejumaa akanifinya mkono. Nilijua maana yake: sema ndiyo, yaishe.

"Si salama," nikasema. "Tumevuka maji yakijaa, na mimi nilikaribia kuzama." Nikamweleza yote, na njia ya kusini pia.

Alimaliza kuosha miguu kabla ya kujibu. "Mimi ni mtu wa hapa hapa," akasema, "na Kongo sijafika. Tutakwenda sote, kwa njia hiyo ya kusini."

Nilijifunza kuwa mto hujulikana kwa nyayo, na kwamba anayeongoza watoto hana budi kusema pia pale alipokosea. Siku tuliyokwenda, maji yalikuwa yamejaa. Mwalimu Mkuu alilitia gongo lake mtoni pale nilipovuka, likazama mpaka mkononi. Akanitazama, kisha akageuka akaanza kuwahesabu watoto upya.